Ugumu Si Dawa: Mgongo na Malazi Katika Mtaa wa Musaga

Mhadhara wa wazi, Musaga, Bujumbura



Hapa Musaga mtu akisema mgongo unamuuma, jibu la kwanza ni moja. Atalipata kwa jirani, kwa shangazi, kwa muuza dawa, na mara nyingine kwa daktari mwenyewe: lala chini. Toa matela, tandika mkeka juu ya sementi. Na kama huwezi kuacha kitanda, basi weka ubao. Mgongo unataka kitu kigumu. Nimeombwa nizungumzie namna mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha anavyoweza kupata pa kulala panapomfaa, nami nitasema ninachokiamini tangu sasa, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa maswali yake. Shauri hilo la kulala pagumu limetesa watu kwa muda mrefu mno, na wengi wa walioteswa ni wale ambao tangu mwanzo hawakuwa na kitu laini cha kulalia. Maskini akiambiwa kwamba sakafu ndiyo dawa yake, amenyang'anywa hata haki ya kulalamika.

Mimi si daktari. Nimefundisha fizikia katika lise, yaani shule ya sekondari, na ninaishi na mgongo unaouma. Kwa hiyo nikizungumza juu ya ugonjwa nitashika yale ambayo madaktari wenyewe wameyapima na kuyaandika. Nikifika kwenye uzito, ujazo na mgandamizo, hapo niko nyumbani.

Tuanze na migongo yenyewe. Mtaa wetu ni wa mteremko. Ziwa Tanganyika liko chini yetu, upande wa magharibi. Upande wa mashariki, nyumba zikianza kupungua, milima ya Mumirwa inaanza. Kila kinachoingia nyumbani hupanda: makaa, unga, saruji, maji. Bidoni la lita 20 lina kilo 20 za maji, na mwenye kulibeba kwa mkono mmoja anaupinda mwili wake wote upande mmoja hadi afike. Wapo wanaoteremka alfajiri kutoka milimani wakiwa na mizigo ya ndizi na mboga kichwani. Wapo walioinamia jembe tangu utoto. Fundi cherehani anakaa kutwa bila mahali pa kuegemea, motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anarushwa na mashimo, mwashi anainuka na kuinama mara zisizohesabika kabla ya saa sita mchana. Hawa wote jioni hurudi kitandani, au mkekani, na wanategemea usiku uwarudishie kile mchana ulichochukua.

Hatuko peke yetu. Wataalamu wanaohesabu mzigo wa magonjwa duniani walikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba ifikapo 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna tatizo lingine la afya linalowafanya watu wengi zaidi duniani waishi na ulemavu. Maumivu yakipita miezi 3 huitwa ya kudumu. Na katika sehemu kubwa ya wagonjwa, karibu 9 kati ya 10, daktari hawezi kuonyesha kwa kidole mfupa fulani au pingili fulani akasema: hiki ndicho chanzo.

Hapo nataka kusimama kidogo, kwa sababu ndipo watu wetu wanapovunjika moyo. Mtu anakopa pesa, anaenda kupigwa picha ya radio, yaani ya eksirei, anarudi na karatasi inayosema mifupa iko sawa. Nyumbani wanamtazama: basi huumwi. Mume anaanza kuhesabu ni mara ngapi mkewe amekataa kubeba maji. Mwajiri anasema ni uvivu. Lakini maumivu hayapigwi picha. Misuli iliyochoka, neva zilizozoea kupiga kelele, viungo vidogo vya uti wa mgongo vilivyokakamaa, hofu ya kujisogeza, usiku usio na usingizi: haya yote yanauma kwelikweli, na hakuna hata moja linaloonekana kwenye ile karatasi. Anayekuambia kwamba picha yako ni safi amekuletea habari njema. Hajakuita mwongo.

Kuna wale 1 kati ya 10 ambao hawapaswi kunisikiliza mimi hata kidogo. Wanapaswa kwenda hospitali. Mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda unaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo, ugonjwa ambao Mwingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779 na ambao bado unapinda migongo ya watoto na watu wazima katika nchi zetu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure hapa Burundi. Ukipoteza nguvu za miguu, ukashindwa kuzuia mkojo au choo, ukafa ganzi mahali unapokalia, usingoje asubuhi. Aliyeanguka kutoka juu, aliyewahi kuugua saratani, na yule ambaye maumivu yake ni makali zaidi akiwa amelala tuli kuliko akiwa anatembea, naye aende kupimwa. Watu hawa hawatasaidiwa na godoro lolote.

Sasa ugumu. Uti wa mgongo umepinda kidogo shingoni, mgongoni na kiunoni, na mipindo hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Mtu akilala chali juu ya sementi yenye mkeka, mwili wake unagusa chini mahali pachache: kisogo, mabega, makalio, visigino. Kiuno kinabaki hewani, kama daraja lililonyimwa nguzo ya kati, na misuli yake inafanya kazi usiku kucha kushikilia kile ambacho malazi yalipaswa kukishikilia. Akigeuka ubavu, hali ni mbaya zaidi: bega na nyonga vinasukumwa juu, kiuno kinaning'inia, uti unapinda kama upinde. Baada ya muda bega linauma, anageuka. Kila anapogeuka mgongo unamchoma, anaamka. Asubuhi atakuambia alilala kwa saa nane, na mwili wake utasema vingine.

Upande wa pili wa kosa nao upo. Godoro lililochoka, lile la sponji nyepesi lenye shimo katikati, huuacha mwili uzame mahali ulipo mzito kuliko pengine, yaani kwenye nyonga. Kiuno kinafuata, kifua na miguu vinabaki juu. Nadhani hapa ndipo shauri la ugumu lilipopata nguvu zake: mtu akitoka kwenye shimo la namna hiyo na kulala sakafuni, usiku wa kwanza anaweza kuona nafuu ya kweli. Amekimbia kosa moja, na bado hajajua kwamba ameingia katika lingine.

Shauri lenyewe si la bibi zetu peke yao. Madaktari wa Ulaya na Marekani walilihubiri kwa miaka mingi. John F. Kennedy, rais wa Marekani aliyepasuliwa mgongo zaidi ya mara moja katika miaka ya 1950, alisafiri na godoro lake gumu la manyoya ya farasi. Waliofundishwa na vitabu vya wakati ule ndio waliofundisha madaktari wetu. Lilikuwa jambo linaloaminiwa na kila mtu, na kwa sababu liliaminiwa na kila mtu, ni wachache walioona haja ya kulipima.

Mmoja wa waliolipima ni Mhispania, Francisco Kovacs, pamoja na wenzake. Walichukua watu wazima 313 wenye maumivu ya kudumu ya kiuno, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa magodoro magumu, nusu magodoro ya ugumu wa wastani. Wagonjwa hawakujua walichopewa, na waliowapima pia hawakujua. Kuna kipimo cha Ulaya kinachoanzia 1, kigumu kabisa, hadi 10, laini kabisa. Magodoro magumu yalikuwa na 2.3 na yale ya wastani 5.6. Siku 90 baadaye, waliolalia ya wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi: maumivu wakiwa kitandani, maumivu wakati wa kuamka, na uwezo wa kufanya kazi zao. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2003. Mwaka 2008 watafiti wa Denmark nao walichapisha kazi yao: watu 160 wenye maumivu ya kudumu ya mgongo walipewa ama kitanda cha maji, ama sponji inayofuata umbo la mwili, ama godoro gumu la mtindo wa Kijapani. La Kijapani halikushinda. Hivi viwili vingine vilifanya vizuri zaidi, ingawa tofauti ilikuwa ndogo.

Nawaomba msiyasome matokeo haya kama tangazo la biashara. Hata waliopewa magodoro magumu kule Hispania walipata nafuu kiasi, labda kwa kuwa walitoka kwenye mabovu zaidi, labda kwa matumaini. Godoro haliponyi mgongo. Kazi yake ni kukuacha ulale. Na usingizi wenyewe una kazi kubwa kuliko tulivyodhani zamani: tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba usiku mbaya hutabiri maumivu ya kesho kwa nguvu zaidi kuliko maumivu ya leo yanavyotabiri usiku mbaya. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba kuzungumzia starehe ya kitanda mbele ya watu wanaotafuta unga ni kuzungumzia anasa. Mama anayelala vizuri anabeba lile bidoni kwa mgongo mwingine.

Sasa twende sokoni. Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoteketea Januari 2013, biashara ilisambaa. Mwenye kutafuta godoro ataenda soko la Ruvumera kule Buyenzi, au madukani mjini, au atasubiri linalopita likiwa limefungwa juu ya baiskeli. Karibu yote ni ya sponji, mali ambayo chanzo chake ni maabara ya Otto Bayer kule Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Sponji kwa sehemu kubwa ni hewa. Unachonunua ni kuta nyembamba zinazoizunguka hewa hiyo, na swali la kwanza ni: kuta ni kiasi gani?

Jibu linapatikana kwa mizani, na hapa mwalimu wa fizikia anafurahi. Chukua godoro la sentimita 140 kwa 190, lenye unene wa sentimita 20. Zidisha: 1.4 mara 1.9 mara 0.2. Unapata mita za ujazo 0.532. Sponji inayostahili kulaliwa na mtu mzima kwa miaka ina kilo 25 au zaidi katika kila mita moja ya ujazo. Godoro hilo basi linapaswa kuwa na kilo 13 na ushei, ukiacha kitambaa. Likiwa na kilo 8, sponji yake ni ya kilo 15 tu, na hata likionekana zuri dukani, shimo la katikati litakuja mapema, tena litakuja mahali pa kiuno chako. Godoro la sponji si zito. Lipandishe kwenye mizani ya muuza mchele aliye jirani. Muuzaji akikataa lisipimwe, amekwisha kukujibu.

Pana hila moja ya kuangalia. Wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa ndani ya sponji ili ipate uzito bila kupata nguvu. Fungua zipu, shika sponji kwenye kona, ivute. Iliyojazwa unga hukatika kwa urahisi, iliyo nzima huvutika na kurudi.

Wengi huchanganya uzito na ugumu. Uzito wa sponji unakuambia itadumu kiasi gani. Ugumu ni jambo jingine. Kiwandani sponji nzito inaweza kutengenezwa iwe laini na sponji nyepesi iwe ngumu. Godoro la sponji nyepesi iliyofanywa ngumu ndilo linalowalaghai watu wetu, kwa sababu mnunuzi hulibonyeza kwa kiganja, akaona linakataa, akasema hili ndilo la mgongo. Kiganja hakina uzito wa mtu. Na lile neno orthopedi lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya nailoni lisikuongezee hata faranga moja: hakuna kipimo kimoja duniani ambacho godoro hulazimika kukifikia kabla ya kuandikwa hivyo.

Ugumu hupimwa kwa kulala. Nenda na shuka safi, litandike, lala, na wala usione haya. Unanunua kitu utakachokitumia theluthi ya maisha yako. Lala kwa namna unayolala nyumbani, si dakika moja, walau robo saa. Mwenzako akutazame kwa nyuma ukiwa umelala ubavu: mstari kutoka shingoni hadi mwisho wa uti uwe umenyooka, nyonga imezama kidogo, bega limezama kidogo, kiuno kimejazwa. Ukilala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita bila kugusa kitu, ni gumu mno kwako. Kikishindwa kabisa kupita na ukasikia makalio yamezama, ni laini mno. Mtu mwembamba na mtu mnene watapata majibu tofauti juu ya godoro lilelile, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Lakini kabla ya kutoa pesa, chungulieni chini ya kitanda. Vitanda vyetu vingi ni vya mkaratusi uliochongwa ukiwa bado mbichi, nao ukikauka hupinda. Chaga huwekwa chache ili kupunguza gharama, zikiachana kiasi kwamba mtoto anaweza kupita katikati. Godoro jema juu ya chaga mbovu ni godoro bovu. Mwambieni seremala: nafasi kati ya chaga na chaga isizidi vidole vinne, na kitanda cha watu wawili kiwe na boriti ya katikati yenye mguu wake wa tano. Gharama yake ni ndogo kuliko ya godoro, na kwa maoni yangu ndiyo matumizi ya kwanza ya pesa kwa mtu mwenye mgongo. Hapo ule ubao wa wazee wetu unapata kazi yake halali. Kama chaga zimelegea na seremala hapatikani, kipande cha tripleksi chini ya godoro kitasaidia. Kazi ya ubao ni kulibeba godoro. Mwili wa mtu hauhitaji kuugusa.

Wanandoa wana tatizo lao. Mume ana kilo 85, mke 55, godoro ni moja, na anayeumwa ndiye anayeteremkia kwenye bonde la mwenzake. Kama fremu ni ya sentimita 160, wekeni magodoro mawili ya 80 yenye ugumu tofauti, shuka moja juu. Hakuna atakayejua isipokuwa nyinyi.

Nikifika hapa najua mtu atainua mkono: mwalimu, na asiye na pesa ya godoro? Ni swali la haki, na nitalijibu taratibu, kwa sababu ndilo la wengi.

Kama unalo la zamani lenye shimo, ligeuze, kichwani kuwe miguuni, na uendelee kuligeuza kila baada ya miezi michache. Kunja blanketi nene, lipitishe kati ya chaga na godoro pale nyonga inapozama. Chini ya godoro, si juu yake. Watu wengi wataona tofauti usiku huohuo.

Kama unalala mkekani, tafuta unene. Gunia safi lililoshonwa na kujazwa majani makavu ya migomba, juu yake blanketi lililokunjwa, linaipa nyonga pa kuzama. Majani yaanikwe juani mara kwa mara na yabadilishwe yakishakuwa vumbi. Kitenge kilichoviringishwa na kufungwa kiunoni wakati wa kulala kinajaza ule uwazi niliousema. Wanaolala ubavu wakunje kitenge kingine na kukiweka katikati ya magoti, ili mguu wa juu usiuvute uti kwenda mbele. Wanaolala chali waweke mto chini ya magoti. Na chandarua kifike chini kabisa na kuchomekwa pande zote, kwa sababu mbu humfikia kwa urahisi anayelala sakafuni. Kuinuka kutoka sakafuni nako ni mtihani kwa mwenye mgongo. Kama vipande vya mbao vinapatikana, jukwaa la urefu wa goti ni bora kuliko chini, hata bila godoro la maana.

Wapo pia wasioweza kuchagua pa kulala: katika mtaa huuhuu wetu limo gereza la Mpimba. Lilijengwa kwa ajili ya watu 800, na kwa miaka mingi limebeba maelfu. Mwenye ndugu mle ndani anajua chakula cha kupeleka. Pale inaporuhusiwa, apeleke pia blanketi nene. Nililoeleza juu ya nyonga na kiuno halibadiliki mlangoni.

Asubuhi ina mambo yake. Kati ya pingili na pingili kuna kijalizo laini kinachonyonya maji usiku tukiwa tumelala. Ndiyo maana binadamu ana urefu zaidi asubuhi kuliko jioni, kwa sentimita moja hadi mbili. Miaka ya 1960 Alf Nachemson wa Sweden aliingiza sindano yenye kipimo ndani ya vijalizo vya watu waliokubali, akaonyesha kwamba mgandamizo ni mdogo kabisa mtu akilala, na kwamba huongezeka akiinama na mzigo. Alfajiri vijalizo vimejaa, vimekaza, na kuinama huvibana kuliko saa nyingine yoyote. Mmarekani Stover Snook na wenzake walichapisha mwaka 1998 utafiti ambamo wagonjwa wa kudumu walifundishwa jambo moja tu, kutoinama katika saa za kwanza baada ya kuamka, na maumivu yao yakapungua.

Tazameni sasa maisha yetu. Maji yakikatika mchana na kurudi usiku wa manane, mama anaamka saa kumi, anainama kwenye bomba, anainua bidoni. Amefanya kazi nzito kuliko zote za siku katika saa ambayo mgongo wake hauko tayari. Siwezi kubadilisha ratiba ya Regideso, shirika la maji, kutoka kwenye meza hii. Ninachoweza kusema ni kwamba bidoni liwekwe juu ya kigoda au tofali, si ardhini, wakati wa kujaza. Kwamba lijazwe nusu, kwa safari mbili. Na kwamba kijana mwenye mgongo mzima aamke ainue yeye. Kuamka kwenyewe kuna namna: geuka ubavu kwanza, teremsha miguu, jisukume kwa mkono, kaa kidogo, ndipo usimame.

Kitanda kikishakuwa kizuri, kinaleta hatari yake, nayo ni kukaa humo. Zamani aliyeumwa mgongo aliamriwa kulala wiki nzima. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake kule Marekani walilinganisha siku 2 za kulala na siku 7: waliolala 2 hawakuwa na hali mbaya zaidi kwa lolote, na siku walizokosa kazini zilikuwa chache kuliko za wenzao. Mwaka 1995 huko Helsinki, wafanyakazi wa mji walioendelea na shughuli zao kadiri maumivu yalivyoruhusu walipona haraka kuliko walioamriwa kulala. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kudumu ya mgongo lilihimiza mazoezi na elimu, na likashauri watu wasitegemee mikanda ya kiuno, ile inayouzwa kwa bei ya kutisha mjini. Tembea. Mteremko wa Musaga, unapoupanda bila mzigo, ni zoezi jema na ni la bure.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Katika nyumba nyingi za mtaa huu, zikiwemo nyumba za watu wenye heshima waliokaa mbele yangu, godoro zuri liko chumbani kwa baba. Yule anayebeba maji, anayefua akiwa ameinama, anayeinua masufuria na kumbeba mtoto mgongoni, yaani boyi au yaya, analala jikoni au ukumbini juu ya mkeka, na mara nyingi ni msichana au mvulana ambaye bado anakua. Mgongo unaofanya kazi kuliko yote nyumbani ndio unaopewa malazi mabaya kuliko yote. Akifika miaka 30 ataambiwa alale chini kwa sababu mgongo unataka kitu kigumu, wakati chini ndiko alikotoka.

Godoro la mtu mmoja, sentimita 80 kwa 190, unene sentimita 12, lina mita za ujazo 0.18 hivi. Kwa sponji ya kilo 25, uzito wake ni kilo nne na nusu. Naomba kila nyumba yenye mfanyakazi inunue hilo kabla haijabadilisha godoro la baba, na ilipime kwa mizani ileile.